Utani wa Tarehe Tano

Mjini Deventer, nyumbani kwa Geertje, chumba cha darini,
nimejifunza kwamba kiatu hakilali mlangoni.
Novemba kinaletwa sebuleni,
kinaegeshwa ubavuni mwa kipasha joto,
kinatiwa karoti.
"Ya farasi," anasema Jelte, miaka sita, bila kucheka.
Farasi gani?
"Wa Sinta. Hutembea juu ya mapaa."
Nikatazama juu. Mimi ndiye ninayelala karibu na paa.
Sijasikia kwato. Nimesikia mvua tu.

Nikaweka changu pia, namba arobaini na nne.
Asubuhi: chenza moja, na herufi ya chokoleti,
I ya Idarusi, imesimama wima,
nyembamba kama mwenye jina.
Jelte ana J yenye ndoano. Mama yake ana G nono.
Nikanyamaza, lakini mtoto alikwishaniona:
akaleta mizani ya jikoni, akazipima mbele yangu.
Sitini na tano. Sitini na tano. Sitini na tano.
"Yako ni nene kwa nyuma," akasema.

Kwenye televisheni meli ya Sinta inatia nanga,
wasaidizi wake wana masizi mashavuni, hapa na pale.
Geertje, bila kuulizwa:
"Tulipokuwa wadogo walijipaka uso mzima."
Kisha anaosha kikombe ambacho ni kisafi.
Sikumsaidia neno. Nikachukua kitambaa, nikakausha.

Kura ilipopigwa, karatasi yangu ikasema: Wiebe.
Baba yake Geertje, aliyefungua na kufunga daraja
miaka thelathini na minane, mchache wa maneno.
Sharti: zawadi ndogo, na shairi la vina la kumtania,
chini lisiwekwe jina ila la Sinta.
Kumtania mzee! Mimi
niliyefundishwa shikamoo kabla ya kutembea.
Siku tatu nilitafuna kalamu.
Kiholanzi changu kina matege, lakini vina ni vina.
Kwa lugha yangu lilikuwa hivi:

    Mlinzi wa madaraja, meli kwako zimepita,
    Hukukwaza hata moja, kwa fujo wala kwa vita,
    Lakini kopo likija, mkono wako wasita:
    Biskuti moja kwa moja, halafu kifuniko: ta!

Jioni ya tarehe tano mlango ukagongwa kwa kishindo.
Kufungua, hakuna mtu: gunia tu,
na mgongo wa jirani ukikata kona.
Wiebe alilisoma lake mwenyewe, ndiyo sheria,
kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji.
Alipofika kwenye "ta!" akasimama.
Nikahesabu vigae vya ukutani.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.
"Sinta huyu," akasema, "ana macho."

Zamu yangu: ndoo iliyojaa unga wa mbao, na karatasi.

    Nipitapo kwenye paa, namuona Idarusi,
    Aendesha bila taa, kwa mwendo wa wasiwasi,
    Salamu zake ni saa, husalimu hadi basi.
    Zamisha mkono, twaa, usishikwe na polisi!

Wakacheka. Nikacheka, mkono ndani hadi kiwikoni,
nikaipata taa ya baiskeli,
nyekundu, ndogo, ikimwaga vumbi la mbao.
Kisha nikaacha kucheka, maana nimeelewa:
mtu fulani humu ndani
husimama dirishani gizani
mpaka nirudi.

Kwetu mtu wa namna hii ana jina: mtani.
Anayekudhihaki hadharani,
na ukifa ndiye anayeshika jembe.
Hawa neno hilo hawana. Wana jioni moja,
na mtakatifu wa kujificha nyuma yake.
Sikuuliza ni nani. Hapa hauulizi.

Tarehe sita, Sinta kaondoka, kiatu kimerudi kuwa kiatu.
Nashuka. Wiebe ananimiminia kahawa,
anafungua kopo, anachukua yake, ananipa yangu.
Kisha anavaa koti, anatoka kwenda kuutazama mto,
na kopo,
kifuniko chake kando, juu ya meza,
analiacha wazi.